"Tutaelewana" Si Mkataba: Mawaidha ya Ijumaa kwa Wapangaji na Wenye Nyumba



Sifa njema zote ni za Allah, Mola wa viumbe vyote, aliyetujaalia majumba yakawa mahali pa kutulia. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, ahali zake na masahaba zake. Ndugu zangu Waislamu, mama zangu na dada zangu mlioko nyuma ya pazia, nakuusieni na kuiusia nafsi yangu tumche Allah, katika haya ya humu msikitini na katika yale yanayotungoja tukishavaa viatu.

Leo siendi mbali. Jumatano baada ya Isha walinijia watu wawili, na wameniruhusu niwasimulie bila kuwataja. Mmoja ni mwenye nyumba, mwingine alikuwa mpangaji wake. Mpangaji alilipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo, kama ilivyo desturi ya mji wetu huu wa Dar es Salaam. Mwezi wa nne kazini wakamhamishia Dodoma. Akafagia chumba, akarudisha funguo, akaomba arudishiwe kodi ya miezi miwili iliyobaki. Mwenye nyumba akamjibu neno ambalo wengi wenu mmewahi kulisikia: kodi ikishalipwa hairudi. Mpangaji akasema, "Siku ile pale uani uliniambia nikiondoka mapema tutaelewana." Mwenye nyumba akasema, "Mimi sikumbuki."

Nikawauliza mkataba wao uko wapi. Wakatazamana. Kisha wote wawili kwa pamoja, na hilo ndilo jambo la kwanza waliloafikiana usiku ule, wakaniambia: "Ustadhi, sisi tunaswali safu moja. Tuandikiane nini tena?"

Ndugu zangu, ugonjwa wetu uko hapo. Tunaona haya kuulizana na kuandikiana, tukidhani karatasi inavunja udugu. Basi hao wawili hawakuandikiana, na Jumatano ile walikuwa hawapeani hata salamu. Neno "tutaelewana" ni tamu mdomoni, lakini mimi sijaona ugomvi wa nyumba ulioletwa kwangu ambao haukuanza na neno hilo.

Fungueni Suratul Baqara, aya ya 282. Ndiyo aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani. Na inazungumzia nini? Inazungumzia daftari. Inatufundisha namna ya kuandikiana deni la muda: awepo mwandishi muadilifu, anayedaiwa ndiye aseme cha kuandikwa, wawepo mashahidi, na tusichoke kuandika likiwa dogo au kubwa. Walioambiwa hivyo kwanza ni masahaba. Watu waliogawana mali na majumba walipohama, watu ambao mmoja alikuwa tayari kufa kwa ajili ya mwenzake, hao ndio walioambiwa waandikiane. Je, mimi na wewe wa Mbagala na Gongo la Mboto tunaaminiana kuliko wao?

Utaniambia, Ustadhi, hiyo ni aya ya deni, mimi sikukopa wala kukopesha, nimepanga tu. Haya, tupige hesabu. Tuseme chumba na sebule ni shilingi 100,000 kwa mwezi. Umetoa 600,000 leo, taslimu. Umepata nini leo? Umepata funguo na usiku mmoja wa kulala. Siku 179 zilizobaki ziko kwa nani? Ziko kwa mwenye nyumba. Kwa hiyo mpangaji wa Dar es Salaam, ambaye anaingia kwa unyonge kana kwamba kasaidiwa, siku hiyo yeye ndiye mwenye kudai. Na mwenye nyumba, ambaye anahesabu noti huku kavimba kifua, ndiye mwenye deni shingoni. Wahenga wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Siku 179 nazo ni mali.

Na tuna mfano katika Suratul Qasas. Nabii Musa, alayhi salaam, alifika Madyan akiwa mkimbizi asiye na kitu. Yule mzee mwenye mabinti wawili alipotaka kumwajiri na kumwoza, ilitajwa miaka: minane. Ikaelezwa kwamba akitimiza kumi, hiyo ni hiari yake. Mzee akasema hataki kumtia mashakani. Musa naye akayarudia masharti kwa kinywa chake, akamfanya Allah kuwa shahidi juu yao. Mzee mwema na Nabii wa Mwenyezi Mungu, tena wako karibu kuwa mkwe na mkwewe, lakini hakuna aliyesema tutaelewana.

Wanachuoni wa madhehebu yetu ya Shafii katika mlango wa ijara, yaani kukodishana, wanataka mambo matatu yajulikane: manufaa yanayokodiwa, muda wake, na malipo yake. Ukiyashika hayo matatu umeshika nusu ya kazi. Sasa tushuke mtaani.

Unapotafuta nyumba, mtu wa kwanza utakayekutana naye ni dalali. Kazi yake ni halali, na ujira wake, ambao kwa mazoea yetu ni kodi ya mwezi mmoja, ni halali kama amefanya kazi kwa ukweli. Lakini yako mambo mawili uyakumbuke. La kwanza, kodi haipiti mkononi mwa dalali. Kodi unampa mwenye nyumba au aliyewakilishwa naye kwa maandishi, na dalali anapata chake ukishashika funguo. Wako waliotoa kodi kwa mtu mwenye funguo, wakaja na vyombo kwenye kirikuu wakakuta watu watatu wengine nao wamefika na vyombo vyao kwa chumba hichohicho. Mwenye funguo si lazima awe mwenye nyumba.

La pili, uliza nyumba ni ya nani hasa. Nenda kwa mjumbe, nenda ofisi ya serikali ya mtaa, uliza na majirani. Miji yetu imejaa nyumba za marehemu ambazo mirathi yake haijagawanywa. Kaka mkubwa anakusanya kodi, anakula peke yake. Siku moja wanakuja dada zake na msimamizi wa mirathi, na wewe uliyelipa mwaka mzima unaambiwa hukulipa kwa mwenyewe. Na wewe kaka mkubwa unayenisikiliza, kumbuka kiwanja cha msikiti wa Madina. Kilikuwa uwanja wa kuanikia tende, mali ya mayatima wawili, Sahl na Suhayl. Wao walitaka kukitoa bure, tena kwa nyumba ya Allah, tena kwa Mtume mwenyewe, swalla Allahu alayhi wasallam. Akakataa mpaka akakinunua kwa bei yake. Yeye hakukubali zawadi ya yatima kwa ajili ya msikiti. Wewe unakula kodi ya mdogo wako kwa ajili ya nini?

Kisha kagua nyumba. Usikubali kuonyeshwa chumba mara moja, magharibi, kwa tochi ya simu. Rudi mchana. Rudi na usiku, usikie jirani ana baa au ana karakana. Fungua bomba uone kama maji yanatoka au yanatoka kwa siku maalumu. Uliza choo kinatumiwa na kaya ngapi na shimo lilinyonywa lini. Tazama dari kama ina madoa ya kahawia. Tazama ukuta kwa chini: ukiona mstari wa maji, au ukiona rangi mpya imepakwa kuanzia sakafuni mpaka usawa wa goti tu, simama uulize. Waulize wanaouza vitumbua pale nje masika maji hufika wapi. Wao hawana udalali. Desemba 2011 mvua iliwatoa watu bonde la Msimbazi, wengine wakapelekwa Mabwepande. Na kila kiangazi mabondeni vyumba vinaonekana vikavu na bei yake nzuri.

Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam, alipita sokoni kwenye rundo la nafaka, akatia mkono ndani, vidole vikatoka na unyevu. Muuzaji akasema ni mvua. Akamuuliza kwa nini hakuiweka ile iliyolowa juu watu waione, kisha akasema kwamba mwenye kudanganya si miongoni mwa watu wake. Ndugu yangu mwenye nyumba, na wewe ndugu yangu dalali, rangi mpya juu ya ukuta unaotoa maji ni nafaka kavu juu ya nafaka mbichi. Sema kasoro, punguza bei, upate kodi yenye baraka.

Mkishakubaliana, andikeni. Haihitaji Kiingereza wala karatasi ya mhuri ili uanze. Andikeni Kiswahili chenu: majina kamili ya wote wawili, chumba kipi, kodi kiasi gani, kuanzia tarehe ipi mpaka ipi. Andikeni kodi itapandishwa lini na taarifa itatolewa mapema kiasi gani. Andikeni nani atatengeneza bati likivuja na nani atanunua kitasa kikiharibika. Na lile lililowagombanisha wale wawili, liandikeni wazi: mpangaji akiondoka kabla ya muda, salio litakuwaje. Wekeni sahihi, nakala mbili, mashahidi wawili, na mjumbe akiwepo ni bora zaidi. Malipo yawe na risiti. Ukilipa kwa simu, tunza ule ujumbe wenye jina na tarehe. Siku ya kuingia piga picha kuta, milango, sinki na madirisha, umtumie mwenye nyumba siku hiyohiyo, ili nyufa za zamani zisije zikawa zako.

Msisahau Luku, mita ya umeme. Mita moja, vyumba sita, ni chanzo cha chuki kwenye nyumba zetu. Mama mmoja ana balbu moja na redio. Jirani yake ana friji, pasi na jiko la umeme. Mwisho wa wiki wanachangishwa sawasawa. Tunasoma Suratul Mutaffifin tukiwafikiria wauza mchele, lakini anayechoma umeme wa mwenzake naye amepunja kipimo. Kama mita ndogo kwa kila chumba inawezekana, iwekwe. Kama haiwezekani, kaeni chini, hesabuni vyombo, kila mtu achange kwa matumizi yake. Tena kabla ya kuingia hakikisheni mita haina deni la nyuma, na ankara ya maji ya aliyeondoka imelipwa. Na tangu Agosti 2021 kodi ya jengo inakatwa ndani ya Luku kila mwezi. Ilipoanza ilikuwa shilingi 1,000 kwa nyumba ya kawaida. Kodi hiyo ni ya mwenye jengo. Mpangaji akinunua umeme, amemlipia. Semezaneni mapema itahesabiwa vipi, maana fedha hiyo ya kila mwezi ni ndogo mfukoni lakini siku ya hesabu haitaitwa ndogo.

Sasa mmeingia, mnaishi. Sikilizeni kisa cha nyumba ya Abu Ayyub al-Ansari. Mtume alipohamia Madina alikaa kwake miezi kama saba, mpaka msikiti na vyumba vyake vilipokamilika. Nyumba ilikuwa na chini na juu. Mtume alichagua chini, ili wageni wake wafike kwa wepesi. Vitabu vya sira vinasimulia kwamba usiku mmoja mtungi wa maji ulivunjika kule juu. Abu Ayyub na mkewe hawakuwa na blanketi jingine ila lile moja la kujifunika, wakalichukua wakafyonzea maji, wakihofu lisije likamdondokea tone aliye chini yao.

Wewe uliye ghorofa ya pili, unayetwanga kisamvu saa nne za usiku, unayemwagia maji dirishani, umefikiria blanketi la Abu Ayyub? Na sisi wa nyumba za Kiswahili zenye korido moja na uani mmoja, adabu ni ileile. Zamu ya kufagia choo ikifika, fagia. Hela ya taka ikipita, toa. Redio yako iishie ukutani mwako. Watoto wa jirani wakilala, nawe punguza sauti, hata kama unasikiliza mawaidha.

Mpangaji ajue pia kwamba kifiqhi nyumba ile ni amana mikononi mwake. Kikichakaa kitu kwa matumizi ya kawaida hana lawama. Akikiharibu kwa makusudi au kwa uzembe, kiko juu yake. Usipangishe mtu mwingine kwa siri. Usitoboe ukuta bila idhini. Na kodi ikifika siku yake, lipa. Mtume ameita dhulma ucheleweshaji wa mwenye uwezo. Mama mwenye nyumba unayemkwepa kwa kupitia uchochoro wa nyuma, huenda ni mjane ambaye hicho chumba chako ndicho unga na dawa zake za presha. Kama kweli umekwama, mwendee kabla ya tarehe, usimngoje akufuate. Mwenye nyumba naye akiona mtu amekwama kweli, Qur'ani imemhimiza ampe muda mpaka apate wepesi.

Na wewe mwenye nyumba, ukishapangisha chumba umeuza manufaa yake kwa muda ule. Kuta ni zako, sitara ni ya mpangaji. Suratun Nur imetukataza kuingia nyumba za watu mpaka tuombe ruhusa na tutoe salamu. Haikusema "isipokuwa mwenye hati". Gonga, toa salamu, ngoja. Usiingie na funguo za akiba mtu yuko kazini. Na ukimdai, mdai kwa njia yake. Kung'oa mlango, kuezua bati, kukata umeme ili watoto walale gizani, hayo hayamo katika dini. Hata Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inampa mpangaji haki ya kukaa kwa utulivu katika muda wake. Mkishindwana anzeni na wazee wa msikiti, nendeni kwa mjumbe, nendeni Baraza la Kata mkasuluhishwe. Ikibidi, lipo Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Hiyo njia ni ndefu na inakula nauli. Karatasi moja siku ya kuingia ingewaepusha.

Namalizia kwa kuondoka, maana kila mpangaji ana siku ya kufunga vyombo.

Maquraysh walipoazimia kumuua Mtume, akapata idhini ya kuhama, nyumbani kwake mlikuwa na amana za watu wa Makka. Hawakumwamini kama Mtume, lakini vitu vyao vya thamani walimwekesha yeye. Angeweza kuondoka navyo. Nani angemlaumu, na wao wamezunguka nyumba na mapanga? Alimwacha Ali bin Abi Talib, radhi za Allah ziwe juu yake. Ali akabaki Makka siku tatu akirudisha kila amana kwa mwenyewe, ndipo naye akashika njia ya Madina. Waliorudishiwa ni jamaa wa walewale waliokuwa wakimfukuza.

Kwa hiyo hata kama umeondolewa kwa maneno machungu, toa taarifa kwa wakati, lipa Luku yako na maji yako, ziba matundu ya misumari, fagia, rudisha funguo zote pamoja na ile uliyochongesha, mwite mwenye nyumba mkague pamoja, na muombane radhi. Usimlipe ubaya kwa kumwachia choo kilichoziba. Na mwenye nyumba, kama kuna salio la mtu, lirudishe kabla hajaanza kuliomba.

Wale ndugu zangu wawili wa Jumatano sikuwahukumu. Nilimuuliza mwenye nyumba swali moja: chumba kile sasa kina nani? Akanyamaza. Jana usiku akanipigia simu. Akasema, "Ustadhi, niliweka mtu mwingine siku ya kumi na mbili baada ya yule kutoa funguo. Nilikuwa nakula kodi mbili kwa chumba kimoja." Pesa za siku zile amezituma Dodoma kwa simu, na mwenzake amemsamehe zile siku kumi na mbili. Kisha akaniomba jambo. Ameniomba leo baada ya swala nikae naye pale barazani, mimi na mjumbe wetu, tuwaandikie mkataba yeye na huyo mpangaji mpya. Nao wawili, mnajua, wanaswali safu moja.

Kalamu ninazo, na karatasi zimebaki. Mwenye nyumba na mwenye chumba wanaotaka kukaa nasi, waje.

Ewe Mola wetu, wape nyumba wasio nazo, watie huruma walio nazo, utulipie madeni yetu kabla ya siku ya kulipwa kwa mema yetu. Nasema haya, na ninamwomba Allah msamaha kwa ajili yangu na yenu.